Nguvu za kuhani zinatoka wapi? Mwongozo wa kujenga chanzo cha miujiza katika ulimwengu wa mchezo

Kuhani mmoja mezani kwangu aliwahi kuchoma ghala la mahindi la kijiji kizima. Mchezaji wake alikuwa amekasirishwa na jumbe aliyewadanganya, na hasira hiyo ilikuwa na msingi wake katika hadithi, kwa hiyo sikumlaumu. Asubuhi yake, ndani ya mchezo, kuhani huyo huyo aliinama juu ya mtoto aliyeungua mkono kwa moto ule ule, akaomba uponyaji, na mchezaji akanitazama akisubiri jibu. Sikuwa nalo. Mungu wake alikuwa na jina, alama na rangi ya joho, lakini sikuwa nimeamua kama mungu huyo anaona, kama anajali, wala kama nguvu zile ni zake au ni za kuhani mwenyewe. Nilisema mkono umepona, kwa sababu sikutaka kumwacha mtoto akilia. Vikao viwili baadaye nikamnyima kuhani mwingine uponyaji kwa kosa dogo kuliko lile, na mchezaji wake akaniuliza, kwa haki kabisa, sheria ni ipi.

Mwongozo huu ni kwa anayeongoza michezo ya kuigiza wahusika, ile ya mezani ambamo kila mchezaji husema mhusika wake anafanya nini na mwongoza mchezo hueleza ulimwengu unavyojibu, iwe Dungeons & Dragons, Pathfinder, RuneQuest au mchezo alioutunga mwenyewe, na ambaye katika ulimwengu wake wamo makuhani, mashujaa wa kiapo, au watu wengine wanaofanya miujiza kwa nguvu isiyotokana na vitabu vya wanazuoni. Nitaeleza hatua ninazozifuata mimi sasa, na zote zinazunguka swali moja ambalo naliona kuwa na uzito kuliko jina la mungu na sifa zake: nguvu hizi nani anaweza kuzikata, na kwa sababu gani?

Kabla ya hatua yoyote: chagua maneno

Tunaocheza kwa Kiswahili tunakutana na tatizo ambalo vitabu vya michezo hii, vingi vikiwa vimeandikwa Marekani, havilijui. Neno "uchawi" kwetu halisemi nguvu za ajabu kwa ujumla. Linasema nguvu za kudhuru, zinazofanywa gizani, na mchawi ni mtu wa kuogopwa. Ukimwambia mchezaji mgeni kwamba mhusika wake ana "uchawi wa kimungu", umempa maneno mawili yanayopigana, naye atatumia nusu ya kikao akijaribu kuyapatanisha. "Uganga" nao una picha yake: mganga ana wateja, ana mikoba, hutibu na kupiga ramli kwa malipo, na kazi hiyo haifanani na ya mtu aliyetumwa na mungu bila kuulizwa.

Mimi husema "nguvu" kwa jambo zima, "muujiza" kwa tendo moja moja linaloandikwa kwenye karatasi ya mhusika, na "karama" kwa uwezo wa kuyafanya matendo hayo. Karama ni neno linalofaa sana, kwa sababu anayelisikia kanisani na anayelisikia katika habari za mawalii wote wanaelewa kuwa ni kitu alichopewa mtu, ambacho hakukinunua wala hakukisomea. Tofautisha pia nadhiri, kafara, tambiko na mwiko. Nadhiri ni ahadi inayofungamana na ombi. Kafara hutolewa kuondoa balaa au kosa. Tambiko huwaendea mizimu na wahenga. Mwiko ni katazo ambalo kulivunja kuna matokeo hata kama hukukusudia. Anayeyatumia maneno haya manne bila kuyachanganya amekwisha kuandika nusu ya sheria za makuhani wake kabla hajagusa dadu.

Hatua ya kwanza: taja chanzo kimoja kikuu

Kuhani aliingia katika michezo hii mapema sana. Katika sheria za kwanza za Dungeons & Dragons za mwaka 1974, zilizoandikwa na Gary Gygax na Dave Arneson, kulikuwa na aina tatu tu za wahusika: mpiganaji, mtumia uchawi na kuhani. Kuhani alikuwa amezaliwa katika ulimwengu wa Arneson ulioitwa Blackmoor, huko Minnesota, na wachezaji wa wakati ule wanasimulia kwamba alihitajika ili awepo mtu wa kumkabili mhusika mmoja aliyekuwa mnyonya damu. Katika sheria hizo kuhani wa ngazi ya kwanza, yaani anayeanza tu, hakuwa na muujiza hata mmoja wa kuomba; aliweza kuwafukuza wafu wanaotembea, lakini muujiza wake wa kwanza ulimfikia katika ngazi ya pili. Naipenda kanuni hiyo iliyosahaulika, kwa sababu inampa mchezaji muda wa kumtumikia mungu kabla hajaanza kumwomba.

Sheria hizo hazikusema nguvu zinatokaje, kwa hiyo kila aliyetunga ulimwengu baadaye alilazimika kujibu mwenyewe, na majibu yamegawanyika katika koo chache ambazo unaweza kuchagua kati yake.

Ukoo wa kwanza ni wa miungu walio hai, wenye majina na ugomvi wao, wanaotoa nguvu kwa hiari yao. Mfano mashuhuri ni Forgotten Realms, ulimwengu wa Ed Greenwood uliochapishwa kama uwanja wa mchezo mwaka 1987. Humo miungu iliwahi kutupwa duniani na Ao, aliye juu yao wote, baada ya Mbao za Majaliwa kuibwa. Ilitembea kama viumbe, baadhi ikauawa, na ilipokwisha misukosuko hiyo Ao akaamuru kwamba kuanzia hapo nguvu za kila mungu zitategemea waumini wake. Angalia amri hiyo moja ilivyobadilisha kila kitu: mungu asiyemjibu kuhani wake anajiua polepole, na mungu mwenye waumini wachache ana sababu ya kuwa mwepesi wa kusamehe.

Ukoo wa pili unasema chanzo ni imani yenyewe. Eberron, ulimwengu wa Keith Baker uliotoka mwaka 2004, umejengwa hivyo. Miungu ya Sovereign Host haijawahi kuonekana ikitembea, na hakuna mwenye ushahidi kwamba ipo, lakini makuhani wake wanaponya. Wafuasi wa Blood of Vol wanaamini kwamba uungu umo ndani ya damu ya kila mtu, nao pia wanaponya. Kuhani mwovu katika kanisa jema anabaki na miujiza yake yote. Nimetumia muda mrefu nikidhani huu ni udhaifu wa ulimwengu ule, hadi nilipouongoza na kuona unavyowalazimisha wachezaji kuwapima watu wa dini kwa matendo yao, kwa kuwa muujiza hauthibitishi chochote kuhusu moyo wa anayeufanya.

Ukoo wa tatu hauna mungu kabisa. Katika Dark Sun, uliochapishwa mwaka 1991, sayari ya Athas ni jangwa lisilo na miungu, na makuhani huchota kutoka kwenye ardhi, hewa, moto au maji. Katika ulimwengu huo huo wamo watumishi wa wafalme wachawi, ambao nguvu zao zinatoka kwa mtu, mfalme wao mwenyewe, na siku mfalme Kalak wa mji wa Tyr alipouawa, watumishi wake waliamka wakiwa mikono mitupu. Hapo una vyanzo viwili ndani ya mji mmoja, kimoja hakiwezi kufa na kingine kinaweza kuchomwa mkuki.

Ziko koo nyingine ambazo nitazipitia haraka. Kuna kiapo au wazo: toleo la tatu la Dungeons & Dragons la mwaka 2000 lilimruhusu kuhani kutumikia wazo bila mungu yeyote, na toleo la tano la mwaka 2014 linasema nguvu za shujaa wa kiapo zinatoka katika kujitoa kwake kwa haki yenyewe kadiri zinavyotoka kwa mungu. Kuna wahenga. Kuna roho ya mahali, kama msitu, mlima au kisima.

Chagua mmoja uwe mkuu. Unaweza kuongeza mwingine baadaye kama Athas ilivyofanya, lakini ukianza na vyote utarudi kwenye ghala langu la mahindi, kwa sababu kila mchezaji atachukua chanzo kinachomfaa siku hiyo. Nitaendelea na mfano wa ulimwengu niliouongoza mwenyewe, kisiwa nilichokiita Mwamba Mweupe. Chanzo nilichochagua ni roho ya mahali: Bibi wa Kisima, anayekaa ndani ya kisima cha mawe chenye ngazi tisa za kushuka, ambacho ndicho pekee chenye maji matamu kisiwani. Kuhani wake mezani aliitwa Tatu.

Tahadhari moja kwa wanaochota kutoka mila zetu, na ninaitoa kwa moyo wote. Misitu ya kaya ya Wamijikenda, ambayo iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008, inafundisha jinsi mahali panavyoweza kuwa na miiko, wazee walinzi na njia maalumu ya kuingilia. Jifunze mpangilio huo, kisha tunga mahali pako mwenyewe. Usichukue kigango, ile nguzo ya mbao iliyochongwa kumkumbuka marehemu wa watu, ukakigeuza silaha yenye nyongeza ya pointi mbili. Vigango vingi viliibwa na kuuzwa ng'ambo, na ndugu wa marehemu hao wapo hai.

Hatua ya pili: chora mkondo kutoka kwenye chanzo hadi mkononi

Chanzo kikiwa mbali, nguvu lazima zipite mahali ili zimfikie kuhani, na sehemu hiyo ya kati ndiyo inayosahaulika kuliko zote. Gygax aliishughulikia vizuri katika kitabu chake cha waongoza mchezo cha mwaka 1979. Alieleza kwamba miujiza ya madaraja mawili ya chini humjia kuhani kutokana na mafunzo, ibada na imani yake. Ya daraja la tatu, la nne na la tano huletwa na watumishi wa mungu, viumbe vya mbinguni au vya kuzimu kutegemea mungu ni nani. Na ya daraja la sita na la saba hutolewa na mungu mwenyewe.

Fikiria maana yake kwa kuhani wa ghala. Kwa mpangilio huo kuponya mkono wa mtoto ni jambo dogo linalotokana na mafunzo yake, kwa hiyo kungefanikiwa, na mimi ningekuwa na jibu. Lakini siku ambayo angeomba jambo kubwa zaidi, mjumbe angekuja na kumuuliza habari za moto, na siku ambayo angeomba muujiza wa madaraja ya juu kabisa angelazimika kusimama mbele ya mungu na kusema kwa kinywa chake alichokifanya. Adhabu haitangulii, inamngojea juu ya ngazi, na mchezaji anaijua.

Mkondo unaweza pia kufungwa na mahali. Katika Eberron, kiongozi wa kanisa la Silver Flame ni msichana mdogo, Jaela Daran, ambaye akiwa katika mji wa Flamekeep ana nguvu za kuhani wa ngazi ya 18, na akitoka nje hushuka hadi ngazi ya 3. Kwa namba hizo mbili tu mwongoza mchezo anaelewa kwa nini mtoto huyo hasafiri, kwa nini wengine hutumwa badala yake, na kwa nini adui mwenye akili angejitahidi kumvuta nje.

Unapochora mkondo wako, jiulize unapitia nini kati ya haya: kitu, mahali, mtu, wakati au tendo. Kisha ufanye uonekane mezani. Kwa Tatu mkondo ulikuwa maji, aliyoyabeba katika kibuyu chenye ujazo wa kata saba. Mezani tuliweka kibakuli chenye punje saba za mahindi makavu, na kila muujiza mchezaji alitoa punje moja na kuiweka mbele yangu. Walipopotea siku nne kwenye visiwa vya kusini, kikundi kizima kilikuwa kinakitazama kile kibakuli. Punje zilipobaki mbili, mpiganaji wao, ambaye alizoea kuruka ndani ya kila vita, alianza kuuliza kama kuna njia ya kupatana na maharamia. Sikuwa nimemwambia neno, alikuwa anahesabu.

Hatua ya tatu: weka gharama inayoumiza kidogo

Michezo mingi humrudishia kuhani miujiza yote baada ya usingizi wa usiku mmoja. Kwa hadithi ya mapigano tupu hilo linatosha. Kwa ulimwengu ambao dini yake unataka iwe na uzito, nakushauri uangalie Glorantha, ulimwengu wa Greg Stafford ambao mchezo wa RuneQuest umechezwa ndani yake tangu mwaka 1978. Toleo la 2018 la mchezo huo lina kanuni ambayo sijaona ya kuishinda. Kila mhusika ana sifa ya nguvu za roho, ambayo kwa binadamu hutokana na kurusha dadu tatu za pande sita. Ili apate pointi moja ya kumwomba mungu wake, mhusika hutoa pointi moja ya sifa hiyo, moja kwa moja, haidaiwi tena. Anayetoa tano amekuwa karibu zaidi na mungu wake na dhaifu zaidi mbele ya roho mbaya na mbele ya bahati. Anaweza kuijenga upya sifa ile kwa matendo na majira, lakini kwa jasho.

Na pointi za kumwomba mungu zikishatumika hazirudi kwa kulala. Hurudi kwa ibada, hasa katika siku takatifu za mungu husika. Kwa sababu hiyo wachezaji wa Glorantha wanajua kalenda ya ulimwengu wao kuliko wachezaji wengine wowote niliowahi kukaa nao: sikukuu kwao ni siku ya kurudishiwa nguvu, na safari hupangwa ili mtu awe nyumbani, au walau karibu na madhabahu, siku hiyo ikifika.

Huko huko Glorantha miungu huja na miiko. Wanaomtumikia Humakt, mungu wa kifo na upanga, hupokea zawadi pamoja na miiko inayoambatana nazo, na hawakubali kufufuliwa, kwa sababu kufufuka ni kumkana mungu wao. Waganga wa Chalana Arroy, mungu wa kike wa uponyaji, huapa kutodhuru. Mchezaji anayechagua kuwa mganga wa aina hiyo amekubali kwamba katika kila vita vya kampeni nzima hatapiga mtu, na nimeona wachezaji wenye ujasiri mkubwa wakichukua jukumu hilo na kulibeba hadi mwisho.

Gharama nzuri ina sifa mbili. Mchezaji anaijua kabla ya kulipa, na inamhusu mungu huyo na si mwingine. Mungu wa bahari anayetaka damu ya mbuzi hajafikiriwa. Kwa nini bahari itake mbuzi? Bibi wa Kisima alitaka jambo moja tu: anayemtumikia asinywe kabla hajamtekea mwenzake. Tatu alipofika mahali penye maji, hata akiwa anakufa kwa kiu, ilimbidi amtafute mtu wa kumnywesha kwanza. Siku moja hapakuwa na mtu ila mfungwa wao, haramia aliyemuua kaka yake.

Hatua ya nne: amua nguvu zinakatikaje

Hapa ndipo ninapotaka ukae muda mrefu kuliko hatua nyingine zote. Chukua karatasi na uandike majibu ya hali tatu, kila moja kwa sentensi moja kamili.

Hali ya kwanza ni kuhani anapokosea. Je, chanzo kinaona? Kinajali? Kina uwezo wa kukata? Majibu yanaweza kutofautiana. Katika Eberron hakuna anayekata. Katika Pathfinder, tangu toleo la pili la mwaka 2019, kila mungu ana orodha fupi ya matendo anayoyahimiza na mengine anayoyaharamisha, na kuhani anayerudia yaliyoharamishwa hupoteza karama hadi atakapofanya toba. Napenda kwamba orodha ni fupi na imeandikwa, kwa sababu mchezaji hawezi kuadhibiwa kwa sheria aliyoifahamu baada ya kuivunja. Vyanzo visivyo na nafsi, kama moto au ardhi ya Athas, havihukumu, lakini vinaweza kukataa kwa namna yao: kuhani wa maji katika nchi aliyoikausha mwenyewe atachota nini?

Hali ya pili ni chanzo chenyewe kinapoanguka. Katika Golarion, ulimwengu wa Pathfinder, mungu Aroden alikufa mwaka 4606 kwa kalenda yao, mwaka ule ule aliotabiriwa kurudi, na makuhani wake wakapoteza nguvu zote. Iomedae, aliyekuwa mtumishi wake, akapokea sehemu kubwa ya waumini. Ukiuchagua ukoo huu, fikiria mzee wa miaka sitini aliyemtumikia Aroden tangu utoto. Anabaki na nini? Kanuni za mchezo zinasema hana miujiza. Hadithi inasema ana maombi anayoyajua kwa moyo, mikono iliyozoea kufunga vidonda, na hekalu lisilo na mtu. Mhusika huyo mmoja ana uzito kuliko vita kumi vya miungu.

Hali ya tatu ni watu wote wanapokatiwa kwa pamoja. Dragonlance, ulimwengu mwingine wa mchezo ulioanza kutoka mwaka 1984, umejengwa juu ya jambo hilo. Kuhani Mfalme wa Istar alijiona mwema kiasi cha kuiamuru miungu, miungu ikaushusha mlima wa moto juu ya mji wake, na kwa zaidi ya miaka 300 hapakuwa na kuhani wa kweli katika nchi za Krynn, kama ulimwengu huo unavyoitwa. Wengi walisema miungu imewatupa. Mwanamke aitwaye Goldmoon alipotokea na fimbo iliyoponya, miongoni mwa waliomkataa walikuwa wale waliojiita watafutaji wa miungu wapya. Mwaka 1996 ulimwengu huo huo ukaletewa zama nyingine zisizo na miungu, na humo watu wakagundua nguvu itokayo moyoni mwao wenyewe; jambo la kuponya likabaki, chanzo kikabadilika, na kila mhusika mwenye umri wa kutosha alilazimika kujiuliza kama nguvu hiyo ilikuwa yake tangu mwanzo.

Ukimaliza hali hizo tatu, amua pia nguvu zinapokatika zinaonekanaje. Usimwambie mchezaji "huna tena miujiza" kama karani anayefunga dirisha. Mpe dalili kwanza. Kwa Tatu niliandika dalili tatu kwa mpangilio: maji ya kibuyu yanapata ladha ya chumvi, kisha yanakuwa na chumvi kiasi cha kutonyweka, kisha kibuyu kinapasuka. Mwiko wenyewe, uliokata nguvu, ulikuwa kuuza maji ya kisima, kwa fedha au kwa upendeleo, na mchezaji aliujua tangu siku ya kwanza kwa sababu niliuandika juu ya karatasi yake.

Hatua ya tano: amua nani anaujua ukweli

Wewe unajua chanzo. Makuhani wako si lazima wajue. Katika Planescape, ulimwengu wa mchezo uliotoka mwaka 1994, lipo kundi la Athar wanaoshikilia kwamba miungu ni viumbe wenye nguvu tu wasiostahili kuabudiwa, na bado baadhi yao wanafanya miujiza kwa kuielekea siri kubwa isiyo na jina iliyo nyuma ya miungu hao. Katika Golarion yuko Razmir, mchawi mwenye uwezo mkubwa aliyejitangaza mungu aliye hai na kuitawala nchi nzima, huku makuhani wake wakitumia vifaa na hila za kichawi ili waonekane na karama. Anazeeka, naye anatafuta dawa ya kuahirisha kifo. Katika ulimwengu huo huo nchi ya Rahadoum imepiga marufuku ibada zote. Watu watatu wenye macho wanaweza kuangalia muujiza mmoja na kutoa maelezo matatu, na ulimwengu unakuwa na pumzi ukiwaacha wabishane.

Kwa hiyo andika mistari miwili: wanachokiamini makuhani, na kilicho kweli. Ikiwa ni sawa, vizuri, endelea. Ikiwa vinatofautiana, andika ni kitu gani hasa kingemfanya mtu agundue tofauti hiyo, kwa sababu wachezaji wakikitafuta lazima kipatikane. Na kama kuhani wa mchezaji mwenyewe amejengwa juu ya uongo, usimshtukize katikati ya kampeni bila kuwa na uhakika kwamba anapenda hadithi za namna hiyo. Wapo wachezaji wanaomchagua kuhani kwa sababu wanataka, kwa saa tatu za jioni, mungu anayejibu. Hilo ni hitaji la heshima.

Hatua ya sita: angalia kijiji

Hatua hii ni fupi. Jiulize nani anaponywa na nani anaachwa. Kuhani mwenye miujiza saba kwa safari, katika kisiwa chenye watu elfu mbili na homa kila masika, anachagua nani afe. Watu watamchukia na kumpenda kwa wakati mmoja. Watamletea kuku, watamwozesha binti, watamtishia usiku. Ukiyaona haya huhitaji kutunga adui.

Hatua ya saba: ukurasa mmoja, na mazungumzo kabla ya kikao cha kwanza

Yote uliyoyaamua yaingie katika ukurasa mmoja wa mkono, na ukurasa huo, isipokuwa siri ya hatua ya tano, mpe mchezaji. Kaeni naye peke yenu nusu saa. Muulize kosa gani mhusika wake angelifanya akiwa amebanwa sana, na usikilize vizuri, kwa sababu kikao kimoja kati ya kumi vya kwanza kitamfikisha hapo. Kisha jaribuni kwa maneno, bila dadu, matukio mawili: moja ambalo anaomba akiwa safi, na moja ambalo anaomba akiwa amekosa. Mkiona nyote wawili mmetoa jibu lile lile bila kutazamana, ukurasa umetosha. Mkitofautiana, rekebisheni ukurasa siku hiyo, si mbele ya wenzake.

Ukurasa wa Tatu ulisomeka hivi. Chanzo: Bibi wa Kisima, roho ya mahali, anaona kila ambako maji yake yamefika. Mkondo: maji katika kibuyu, kata saba, hujazwa kisimani tu. Gharama: asinywe kabla ya kumnywesha mwingine. Mwiko: maji hayauzwi. Dalili: chumvi, chumvi kali, kupasuka. Wanachokiamini watu: Bibi alikuwa mwanamke aliyejitosa kisimani ili kisiwa kipate maji. Mstari wa mwisho niliubakiza kwangu: hakujitosa, alisukumwa, na waliomsukuma walikuwa wakuu wa ukoo wa Tatu.

Katika kikao cha tisa Tatu alisimama mbele ya nahodha aliyekuwa na dada yake ndani ya jahazi kama mateka, na bei aliyoitaka ilikuwa kibuyu. Mchezaji aliutazama ukurasa wake kwa muda mrefu. Akauliza kama kumpa mtu maji bure, halafu mtu huyo kwa hiari yake akamwachia dada yake, ni kuuza. Nikamjibu kwamba hilo atamuuliza Bibi mwenyewe, na kwamba ladha ya maji itamwambia. Alisogeza kibakuli chenye punje nne hadi katikati ya meza, akamwambia nahodha, "Kunywa wewe kwanza."